Herufi Iliyolika

Bwana Shekue alipoiweka ile karata mezani, ukumbi mzima uliacha kutafuna, hata wale ambao hawakuwa na kitu mdomoni. Ilikuwa karata ya Mgeni. Si nakala, bali yenyewe hasa, ile ya kwanza ambayo nakala zote mjini zilichapwa kutokana nayo, na ambayo watu waliisikia kwa wazazi wao tu, nao wazazi kwa wazazi wao. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai iliyolala. Katika picha yake mtu mwenye kofia pana alisimama mlangoni, mgongo umewaelekea watazamaji, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua kama alikuwa anaingia au anatoka.

"Soma, Bi Mfasiri," alisema Bwana Shekue. "Ingawa sidhani kama yupo asiyeijua."

Sikitu, mfasiri wa kanuni, hakusoma mara moja. Alimtazama kwanza Mwatime, mwanamke aliyekaa upande wa pili wa meza. Mwatime alikuwa amebakiwa na karata moja tu, ya Nyumba, na alikuwa ameifunika kwa viganja vyote viwili kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. Humo ukumbini hamkuwa na upepo.

Mji ule haukuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyepata kuona mji mwingine wa kuutofautisha nao. Mambo yake yote yaliamuliwa kwa karata. Mtoto alipozaliwa alipewa yake moja. Nyingine alizitafuta mwenyewe maisha yake yote, akizibadilisha, akizirithi, akizishinda. Kila karata ilikuwa na picha na sentensi, na nguvu zilikuwa kwenye sentensi. Nyumba ilikuwa na karata yake, kisima kilikuwa na yake, vivyo hivyo ndoa, kiti cha kivulini, haki ya kusema kwanza msibani. Aliyeshindwa mezani alikuwa ameshindwa na huko nje pia. Tena karata zilikuwa na tabia ya kumwingia mtu. Aliyeishi na ya Kisima kwa muda mrefu, macho yake yalianza kuwarudishia watu nyuso zao; aliyelala na ya Kinyozi chini ya mto aliamka hana nyusi. Bwana Shekue alikuwa amekusanya nyingi mno, hata uso wake ukakosa pa kutulia. Ukimtazama alikuwa mzee mwenye mashavu yaliyobonyea. Ukipepesa macho, alikuwa mtu mwingine kabisa, aliyefanana na shangazi yako.

Sikitu hakuwa na karata hata moja. Mfasiri hatakiwi kuwa na upande, kwa hiyo siku ya kiapo alikuwa ameirudisha ile aliyozaliwa nayo, na pamoja nayo ikamtoka kumbukumbu ya nyumba aliyokulia, mlango wake ulitazama wapi, nani alimwita chakula kikiiva. Alibaki na jina tu, na jina lenyewe lilikuwa Sikitu.

"Mgeni akiingia, mwenyeji humpisha." Bwana Shekue aliisema mwenyewe, amechoka kungoja. "Mgeni wangu ameingia kwenye Nyumba yake. Basi anipishe."

"Kumpisha mtu si kumwachia nyumba," alisema Mwatime, macho yake hayaondoki kwenye viganja vyake. "Nikikutana njiani na mtu mwenye mzigo kichwani, nampisha. Anapita, nami nashika njia yangu. Huyo Mgeni naye apite. Aingie kwa mbele, atokee uani."

Watu wakacheka. Bwana Shekue naye akacheka, kwa uso mmoja, kisha kwa mwingine.

"Na kwenye kiti, mwanangu? Mzee akiingia, kijana akampisha, kijana anakaa wapi baada ya hapo? Si anasimama?"

Sikitu alidhani kazi yake ya siku ile ingekuwa hiyo: kuchagua kati ya njia na kiti. Maneno yenye milango miwili alishayazoea. Kanuni ni nini, alijiuliza mara nyingi, kama si sauti ya mtu aliyekwisha kuondoka? Mtu fulani, asubuhi fulani, labda ana mafua, labda ana haraka, aliandika neno huku ana kiti kichwani, au ana njia. Kisha akaenda zake, neno likabaki bila kichwa. Na walio hai wakaja, mmoja mmoja, wakatia vichwa vyao humo. Kichwa kikiwa kikubwa, neno linatanuka. Kikiwa kidogo, linamfunika mtu hadi mabegani, haoni aendako. Ndipo anaitwa mfasiri, aseme neno ni la kichwa kipi. Lakini mfasiri naye ana kichwa. Hilo halikuandikwa popote.

Sheria ya meza ilitaka karata isomwe ilivyo mezani, si ilivyo akilini mwa watu. Kwa hiyo Sikitu aliinama, akausogeza uso wake hadi karibu na ile karata ya zamani, akasoma kama mtu asiyeijua.

*Mgeni akiingia, mwenyeji hum.*

Hapo macho yake yakaingia shimoni. Palikuwa na baka laini, jeupe, pana kama ncha ya kidole gumba, na baada ya baka maandishi yakaendelea: *isha*. Vidole gumba vya wote waliowahi kuishika karata ile vilikuwa vimekaa papo hapo, vikasugua bila kukusudia, kizazi hadi kizazi. Si kwamba herufi ilikuwa imefifia. Herufi haikuwepo.

P. Nilifundishwa p. Kila mtoto mjini huimba p. Lakini p iko wapi? Hum, kisha ukungu, kisha isha. Humpisha. Humlisha. Basi tuseme humlisha. Humvisha, humtisha. Hum

Akajizuia. Ilikuwepo nyingine iliyoingia pale bila kubanwa, na meno yake ya juu yalikuwa yameshaanza kushuka kwenye mdomo wa chini.

"Hapa pana herufi imelika," alisema, akainua kichwa.

Kelele zilizofuata zilifanya vumbi la dari lidondoke. Bwana Shekue alisimama. "Nakala zote zina p! Ninazo sandukuni nakala za kutosha kupaulia nyumba, na zote zina p!"

"Nakala haziko mezani, Bwana."

Akaketi. Kila mtu alielewa kwa nini. Angeweza kucheza nakala yoyote, mpya, kavu, herufi zake zote zimekamilika, na jioni ile angelala kwenye nyumba ya Mwatime. Alikuwa ameileta ile ya kwanza kwa sababu alitaka waione. Mtu hakusanyi vitu maisha yake yote ili vikae gizani.

"Nitaiona nyumba kwanza," alisema Sikitu. "Kisha nitatoa fasiri."

Jua la mji ule lilikuwa na adabu. Fasiri ikiwa inangojwa, halikuzama. Lilisimama juu ya paa la ukumbi, likangoja na wengine.

*

Mwatime alimtangulia njiani. Nyumba ilikuwa ya chumba na ukumbi mdogo, na chumbani alilala mama yake, Bi Shangwe, mwanamke mwembamba ambaye akili yake ilikuwa imeachana na kalenda. Mganga alikuwa ameonya kwamba akitolewa mle ndani atamalizika njiani, maana kuta zile ndizo zilizokuwa zimebaki zikimkumbuka.

"Hodi," alisema Sikitu mlangoni.

"Umechelewa," alisema Bi Shangwe, akijiinua kwa kiwiko. "Chakula kimepoa. Mwatime, mpakulie dada yako."

"Mimi si..."

"Mwache tu," Mwatime alimnong'oneza. "Kila anayeingia humpa jina. Mimi asubuhi aliniita mama, akanililia nimbebe."

Sikitu aliletewa muhogo uliopoa na samaki kidogo, akala, kwa kuwa mama yule alikuwa anamtazama kila tonge. Alipomaliza, Bi Shangwe aliivua kanga yake ya mabegani, akamwashiria ainame, akamtanda. "Umelowa," alisema. Nje jua lilikuwa palepale. Lakini Sikitu alipojigusa nywele, zilikuwa zinachuruzika maji, na kwa muda mfupi sana alijua, bila kukumbuka, kwamba ukiamka usiku kwenye chumba hiki ukutani mkono wa kushoto kuna ufa unaofanana na mjusi. Akageuka. Ufa ulikuwepo.

Alihisi moyo wake umepiga mahali pasipo pake.

"Mwatime," alisema walipotoka uani. "Nyumba hii mliipataje?"

Mwatime alichukua ufagio, akafagia pasipo na uchafu.

"Mama aliishinda mezani."

"Kwa karata gani?"

"Unajua karata gani."

"Kutoka kwa nani?"

"Sikuuliza. Nilikuwa tumboni." Akausimamisha ufagio. "Unataka kusema nini, Bi Mfasiri? Kwamba hata mimi ni mgeni? Haya, mimi mgeni. Mama mgeni. Na aliyekuwemo kabla ya mama, yeye alichipua humu sakafuni? Niambie mtu mmoja mji huu ambaye hakukuta mlango."

Sikitu aliirudisha kanga, akaikunja vizuri kuliko ilivyohitajika.

Bwana Shekue alikuwa anamngojea kwenye kona ya kwanza, peke yake, bila wafuasi wake. Uso wake ulikuwa umetulia. Ulikuwa mmoja, wa mzee, na ulikuwa na hofu.

"Unazijua herufi zinazoingia pale," alisema.

"Nazijua."

"Zote?"

"Hata hiyo unayoifikiria."

"Basi usiitamke, nakuomba. Umenipa shikamoo tangu ulipokuwa mdogo, sijawahi kukuomba kitu." Akaegemea ukuta. "Babu yangu ndiye aliyekichonga kibao cha kuchapia nakala. Alipoishika ile karata, herufi ilikuwa imeshalika. Unadhani wakati huo watu walikuwa wanasomaje? Kila aliyebisha hodi, mwenye nyumba alitoka na f yake mkononi. Humfisha. Walikuwa wanazikana barazani. Babu akachoka. Akakaa na kibao chake, akatia p, akasema afadhali watu wahame kuliko wafe. Hiyo p unayotaka kuing'oa ilikuwa huruma."

"Huruma iliyokupa nusu ya mji."

"Ndiyo," alisema Bwana Shekue. "Sikatai. Huruma na faida zililala kitanda kimoja, mimi nikazaliwa. Sasa wewe utafanyaje?"

Sikitu alitembea peke yake njia iliyobaki. Nikisema p, naongeza herufi. Nikisema haipo, najifanya simjui aliyeitia na kwa nini. Kanuni yenye tundu ni kanuni bado? Au ndio ukweli wake, kwamba zote zina tundu, na sisi tumekaa tunasugua? Yule mama amenilisha kabla ya kuniuliza mimi nani. Amenivisha. Hakusoma popote. Mimi nimesoma kila kitu. Nilizaliwa pale? Kama nilizaliwa pale sifai kutoa fasiri. Kama sikuzaliwa pale, sikuzaliwa popote. Mguu wa kushoto. Mguu wa kulia. Wananingojea, na jua limesimama, na ngozi za watu zinaungua kwa ajili yangu.

*

Ukumbini alisimama mbele ya meza, akasema kwa sauti aliyofundishwa, ile isiyo na mtu ndani yake.

"Mfasiri haongezi herufi, wala hapunguzi. Karata iliyo mezani ina tundu. Lakini kitenzi kina mwenyewe. Sentensi inasema mgeni huingia. Kazi ya mgeni imekwisha hapo. Anayetenda baadaye ni mwenyeji. Basi herufi ni ya mwenyeji. Mwatime atasema anamfanya nini mgeni wake, na atakalosema litakuwa ndilo lililoandikwa."

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha wakaelewa wote pamoja, na sauti ikaanza nyuma, kwa wale waliokaa chini kwa kuwa viti vyao vilichukuliwa zamani. Haikuwa kelele. Ilikuwa pumzi. Fff, walisema. Fff. Meno ya juu kwenye midomo ya chini, safu baada ya safu, kama tairi linalotoa upepo. Mbele yao kabisa alikuwa Machano, seremala aliyelazimishwa kuipisha nyumba yake miaka mingi nyuma, akipuliza macho yamemtoka.

Bwana Shekue alikaa wima kwenye kiti chake. Hakuomba. Nyuso zake zote zilikuwa zimemkimbia.

Mwatime alipoondoa viganja kwenye karata ya Nyumba, ilionekana imelowa jasho.

"Nina mgonjwa ndani," alisema. "Sina pa kuweka maiti."

"Taja herufi," alisema Sikitu.

"L."

Pumzi ukumbini ikakatika.

"Atakuja kwangu kila siku," Mwatime aliendelea, bila upole wowote. "Atavua viatu. Atakaa mkekani, atangoja nimpakulie, na nikimpa kidogo atakula kidogo. Mama atamwita jina atakalotaka, naye ataitika. Hatakuwa na mahali pengine pa kula mji huu. Ndiyo herufi yangu."

Bwana Shekue aliinamisha kichwa. Haikujulikana kama alikuwa anashukuru au anakadiria urefu wa adhabu. Mwatime mwenyewe hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alikuwa amejifunga kumpikia adui yake hadi mmoja wao afe, na aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko waliokuwa wanampongeza.

Jua lililegea, likaanza kushuka. Na Sikitu, kwa mara ya kwanza siku ile, akavuta pumzi yake mwenyewe.

Hakuimaliza. Alisikia mkwaruzo. Akageuka, akaona watu wote ukumbini wameinamia mapaja yao. Kila mtu alikuwa na nakala yake ya Mgeni mkononi, na kila mtu alikuwa anaikwangua p kwa ukucha.

"Ngojeni," alisema. "Fasiri hii ni ya karata iliyo mezani."

"Nakala zote zimetoka kwa hiyo," mtu alimjibu, bila kuinua macho. "Mama akiwa na tundu, watoto wana tundu."

Nao walikuwa sahihi. Hivyo ndivyo sheria ilivyosema. Wakaanza kutoka, kwanza wakitembea, kisha wakikimbia, na milango ya mji ikaanza kusikika, mmoja baada ya mwingine. Kutoka mitaa mingine zilikuja sauti za vyombo, watu wakipakua. Kutoka mtaa mmoja alisikia mwanamke akicheka na kulia. Kisha kutoka upande wa maseremala ikaja sauti ambayo haikuwa ya chakula.

Sikitu alikimbia. Mfasiri hakuruhusiwa kukimbia. Joho lilishonwa refu kwa makusudi hayo. Alilikusanya hadi magotini.

Machano alikuwa amesimama nje ya nyumba yake ya zamani, panga mkononi. Mlangoni, kwa ndani, alisimama Mbaruku, aliyepewa nyumba ile siku Machano alipolazimishwa kupisha. Mbaruku alishika mchi wa kinu. Nyuma yake wanawe walibanana gizani, na mkewe alikuwa amewakumbatia wote kwa mikono miwili isiyotosha.

"Mimi ndiye mwenyeji!" Machano alikuwa anasema. "Nilizijenga kuta hizi kwa mikono hii. Huyu aliingia. Huyu ndiye mgeni, na herufi ni yangu!"

"Mwenyeji gani anayesimama nje?" alisema Mbaruku. "Nimezaa watano humu. Nimezika mmoja hapo uani. Wewe ndiye unayeingia sasa, Machano. Ukikanyaga humu wewe ndiye mgeni, na herufi ni yangu mimi!"

Na kila mmoja alikuwa ameshika karata iliyokwanguliwa, na midomo yao yote miwili ilikuwa imekaa kwenye herufi ileile.

Hapo Sikitu aliona alichokifanya. Alikuwa amefasiri kitenzi, akayasahau majina mawili yanayokitangulia. Kwa muda wote watu wote walidhani wanajua mgeni ni nani na mwenyeji ni nani, kwa kuwa p ilikuwa ikiwajibia: aliyebaki ndani ndiye mwenyeji. Sasa p haikuwepo, na maneno yale yalikuwa wazi kama visima visivyo na mfuniko.

"Mfasiri!" Machano alimwona. "Umefika vizuri. Mwambie. Nani mwenyeji?"

"Mwambie," alisema Mbaruku.

Sikitu alitafuta ile sauti aliyofundishwa, isiyo na mtu ndani. Haikuja. Ilikuja nyingine, nyembamba, yenye kukwaruza, ambayo labda ilikuwa yake tangu zamani.

"Sijui," alisema.

Walimkodolea macho. Neno hilo halikuwahi kusikika kutoka kwa mfasiri. Hawakujua lina nguvu gani wala linafuta nini. Sikitu mwenyewe hakujua. Akapita mbele ya panga, akakaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo mmoja wa mlango na nyayo kwenye mwimo wa pili, joho limejaa pale chini kama nguo zilizovuliwa.

"Ondoka hapo," alisema Machano.

"Siondoki."

"Unakaa kama nani?" aliuliza Mbaruku, na safari hii sauti yake ilikuwa na woga kuliko hasira. "Wewe ni wa ndani au wa nje?"

Mtoto mmoja nyuma alianza kukohoa, na mama yake akamziba mdomo, kisha akauachia. Wanaume wale wawili walitazamana juu ya kichwa cha mwanamke aliyekaa. Panga lilikuwa bado mkononi mwa Machano, na mchi mkononi mwa Mbaruku. Lakini sasa, kabla mmoja hajamfikia mwenzake, ilimbidi kwanza aangalie chini, afikirie pa kukanyaga.